Gemini Man kwenye diski ya 4K: Ang Lee ni mbishi kuliko runinga yako

Haya wadau, karibuni tena mezani. Leo nimekuja nimenuna kidogo, na aliyeninunisha ni huyu hapa. Mnaliona kasha? Will Smith wawili, mmoja umri umekwenda, mwingine kijana. Gemini Man, filamu ya mwaka 2019, diski ya 4K, ile yenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida. Mwongozaji ni Ang Lee, yule mzee wa Taiwan.

Stori siisimulii sana, trela mmeshaliona. Muuaji wa serikali ya Marekani anataka kustaafu, mabosi hawataki, wanamtumia kijana wa kummaliza, na huyo kijana ni yeye mwenyewe, kazalishwa maabara kutokana na damu yake. Basi. Mambo ya HDR, sijui Dolby nini, yameandikwa nyuma ya kasha, soma mwenyewe. Mimi kilichonileta hapa ni namba moja tu: 60.

Fremu 60 kwa sekunde.

Kabla sijaendelea, wewe unayeniangalia kwenye simu, fanya hivi. Gusa kile kigurudumu cha mipangilio, nenda kwenye ubora wa picha, chagua ule wenye 60 pembeni. Najua unabana bando. Ibane video ijayo, hii usiibane, la sivyo utaniona napiga kelele tu na huoni ninachokipigia kelele. Halafu vipande nitakavyoonyesha ni vifupi na kamera nimeiweka upande, mnajua mambo ya hakimiliki, kuna video yangu ilizimwa sauti nzima nikabaki natikisa mdomo kama samaki.

Sasa. Filamu karibu zote ulizowahi kuziona maishani, za Kihindi, za Kichina, za Marekani, zinakwenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Ni desturi iliyokaa tangu sauti ilipoingia kwenye sinema miaka ya 1920. Picha 24 tuli zinapita haraka, jicho linadanganyika, mambo yanakwenda. Ang Lee akaja na lake: hii kaipiga kwa fremu 120 kwa sekunde, kwa 4K, kwa 3D. Mara tano ya kawaida. Diski haibebi 120, inabeba 60, ambayo bado ni mara mbili na nusu ya ulichozoea. Na utamu wa kasha hili ni kwamba humo ndani kuna diski mbili. Ya 4K ina fremu 60, ile Blu-ray ya kawaida ina 24. Filamu ileile, ndani ya kasha moja, kwa mwendo tofauti. Huu ndio ushahidi nilioutaka siku zote.

Twende kwenye runinga. Naanza na 24. Hapa ni Cartagena, Colombia, pikipiki zinafukuzana. Will Smith mzee anakimbia, Will Smith kijana yuko nyuma yake. Angalia ukuta wa nyumba kamera inapogeuka. Umeona? Ukuta umekuwa mchirizi wa rangi. Njano, njano, njano, basi. Ubongo wako unajaza wenyewe kwamba huo ni ukuta. Hatulalamiki, tumezoea.

Subiri nibadilishe diski. Hii mashine inachukua muda wake, ina madaha.

Haya, sehemu ileile, fremu 60. Angalia ukuta sasa. Unaona plasta ilipobanduka! Unaona dirisha, unaona kivuli cha dirisha, na pikipiki iko kwenye mwendo wa kufa mtu. Narudisha. Angalia tairi la nyuma, angalia vumbi linavyotoka chini yake. Narudisha tena, samahani, hapa nimeshaganda. Sasa hapa kijana anainua pikipiki na kumchapa mwenzake nayo, anaitumia kama rungu. Kwenye 24 hiki kipande ni fujo, unajua kuna mtu kapigwa lakini hujui kapigwa na nini. Hapa unaona kila kitu kilipoanzia na kilipoishia, hakuna kilichofichwa. Mwili wako unakwepa wenyewe. Mdogo wangu alikuwa kakaa hapo kwenye kochi, kaukunja mguu.

Kwa hiyo nimefurahi, siyo? Ngoja.

Sasa nipeleke kwenye maongezi. Watu wawili wamekaa wanaongea, hakuna bunduki, hakuna pikipiki. Fremu 60 zilezile. Angalieni, halafu mniambie kwenye maoni mnaona nini. Mimi naona tamthilia! Naona tamthilia ya Kifilipino ya saa mbili usiku, ile mama mkwe akimwaga chai. Ule ukungu wa sinema, ile hali ya kwamba haya yanatokea kwenye dunia nyingine ya watu warefu na wazuri, imeondoka yote. Naona mtu anaigiza. Naona macho yake yanangoja mwenzake amalize ili aseme sentensi yake. Na hawa si waigizaji wabovu, huyu ni Will Smith, yule ni Clive Owen! Fremu 24 zilikuwa zinawasitiri na sisi hatukujua.

Hapo ndipo nilipochukia. Nikazima, nikaenda kula.

Kabla sijawaambia kwa nini nilirudi, kuna kitu kidogo cha runinga zenu, maana najua kuna mtu hapa anasema "mbona ya kwangu filamu zote ziko hivyo?" Ziko hivyo kwa sababu runinga yako imekuja kutoka kiwandani imewashwa kitu cha kulainisha mwendo. Kila kampuni ina jina lake. Kazi yake ni kuchukua fremu 24 na kubuni nyingine katikati ambazo hakuna kamera iliyozipiga. Inabuni! Ingia kwenye menyu, mipangilio ya picha, ukizime leo, mara moja, kabla hujalala. Cha Ang Lee ni tofauti. Zake ni fremu za kweli, zilikuwepo kwenye kamera, mwanga wa kweli umeingia. Ndiyo maana ukizima ulainishaji diski hii inabaki vilevile. Narudia kwa wale wanaoandika maoni kabla ya kusikiliza: inabaki vilevile.

Haya. Swali lililonirudisha ni hili. Mtu mwenye Oscar mbili za uongozaji anatafuta nini kwenye jambo ambalo karibu kila mtu anamwambia aliache?

Nikaanza kuifuatilia safari yake tangu mwanzo, na wadau, huyu bwana ubishi ni wa kuzaliwa. Kazaliwa mwaka 1954, Chaozhou, wilaya ya Pingtung, kusini kabisa mwa Taiwan. Wazazi walitoka China bara. Baba yake ni mwalimu mkuu, na si mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ni wa shule ileile anayosoma mtoto, sekondari kubwa ya Tainan. Fikiria. Halafu mtoto wa mwalimu mkuu anafeli mtihani wa kuingia chuo kikuu. Anarudia. Anafeli tena. Anaishia chuo cha sanaa Taipei, na kwa baba kama yule, kuigiza haikuwa kazi ya kumtangazia mtu.

Anaenda Marekani, anasoma maigizo Illinois, kisha filamu New York University. Huko yuko pamoja na Spike Lee, naye leo mwongozaji maarufu, tena anamsaidia Spike kwenye filamu yake ya kuhitimu. Ya kwake mwenyewe inafanya vizuri, anampata wakala, unasema sasa ametoka. Wapi! Miaka sita hana kazi. Miaka sita, ana mke, mtoto wa kwanza, baadaye wa pili. Mke wake, Jane Lin, ni mwanasayansi wa mikrobiolojia, ndiye analeta mshahara. Ang Lee anapika, analea, anaandika miswada ya filamu ambayo hakuna anayeinunua. Mwanamume wa familia ya Kichina ya aina ile, mtoto wa kwanza wa kiume wa mwalimu mkuu, yuko jikoni anamenya vitunguu. Najua na huku kwetu maneno yangekuwa mengi kikao kizima cha ukoo.

Mwaka 1990 serikali ya Taiwan inaendesha shindano la miswada. Anatuma miwili. Mmoja unashika nafasi ya kwanza. Mwingine unashika ya pili. Hapo ndipo anapata pesa ya kupiga Pushing Hands, kisha The Wedding Banquet ya mwaka 1993, iliyomletea Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Berlin. Bajeti yake ilikuwa kama dola milioni moja tu, ikarudisha zaidi ya milioni 20. Kisha Eat Drink Man Woman, 1994. Hiyo nawaomba muione mkiwa mmeshiba, inaanza na mzee anapika, samaki, kuku, mikono, visu, moshi, dakika kadhaa bila maneno. Ile miaka ya jikoni haikwenda bure, ndivyo ninavyoamini mimi.

Filamu zote tatu zina baba, na baba wa zote tatu ni mwigizaji mmoja, Sihung Lung. Shikeni hilo la baba, nitalirudia.

Baada ya hapo sasa angalia anavyoruka. Hakai. 1995 anapewa Sense and Sensibility, Waingereza wa zamani na magauni yao, wakati Kiingereza chake bado kinasuasua. Dubu wa Dhahabu wa pili. Emma Thompson anapata Oscar ya uandishi. Kisha familia za Marekani za miaka ya 1970, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hizo mbili nazipita, ya vita pesa haikurudi. Kisha mwaka 2000, Crouching Tiger, Hidden Dragon.

Hiyo ndugu zangu mnaijua. Sisi wa vibanda umiza tulikwenda tukitegemea ngumi. Tukaambulia mwanamke mtu mzima, Michelle Yeoh, na mwanamume anayempenda na hasemi, hasemi, filamu nzima hasemi. Halafu wakaanza kutembea juu ya mianzi. Pale kibandani kwetu kuna waliopiga miluzi, kuna waliodai hela yao. Dola milioni 17 ziliingia, zikatoka zaidi ya milioni 200 duniani, 128 kati ya hizo Marekani peke yake, na filamu ni Kichina mwanzo mwisho. Oscar nne. Mtu mwingine angepiga Crouching Tiger ya pili, ya tatu, ya nne mpaka leo.

Yeye akaenda kupiga Hulk. 2003. Tena zile harakati za lile jitu la kijani, baadhi kazicheza mwenyewe akiwa kavaa nguo za vihisio vya kunasa mwendo wa mwili. Watu wengi hawakuipenda. Alichoka mpaka akafikiria kuacha kazi, na aliyemwambia endelea ni yule baba, mwalimu mkuu, ambaye maisha yote hakuitaka hii kazi. Akafariki mwaka 2004. Mwaka uliofuata mwanawe akatoka na Brokeback Mountain. Ni mapenzi ya wachunga kondoo wawili wa kiume, huku kwetu haijadiliwi mezani na wala leo sitaianzisha vita kwenye maoni, ila kazi ni kazi: Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, na Oscar ya mwongozaji bora, ya kwanza kwa mtu wa Asia. Kisha Simba mwingine kwa Lust, Caution, 2007.

Halafu Life of Pi, 2012. Kijana, boti, chui-milia wa Bengal. Alijenga bwawa la kutengenezea mawimbi kwenye uwanja wa ndege wa zamani kule Taichung, nyumbani Taiwan. Bajeti dola milioni 120, mapato zaidi ya 600. Oscar yake ya pili ya uongozaji. Ila kuna doa: kampuni iliyomtengeneza yule mnyama, Rhythm & Hues, iliomba kinga ya kufilisika siku chache kabla ya kupokea Oscar ya kazi hiyohiyo. Hilo linaniuma kila nikikumbuka.

Na Life of Pi ndiyo iliyomharibu. Namaanisha ndiyo iliyompa ugonjwa wa fremu. Akipiga 3D aliona kwamba kwa fremu 24 mwendo wa haraka unagugumia, picha inakatakata, macho yanauma. Mwingine angesema watu wamenunua tiketi, wameridhika. Yeye hakuridhika. 2016 akatoka na Billy Lynn's Long Halftime Walk, fremu 120, na waigizaji karibu hawakupakwa vipodozi kabisa kwa sababu kamera ilikuwa inaona kila kitu. Ilikuwa na bajeti ya dola milioni 40, ikaingiza kama 30. Kumbi zilizoweza kuionyesha jinsi alivyoipiga, dunia nzima, unazihesabu kwa vidole. Akala hasara. Akarudi tena na hii, Gemini Man, dola milioni 138. Ikaingiza 173, na kabla hujasema hiyo ni faida, kumbuka wenye kumbi wanachukua fungu lao na matangazo yanalipiwa pembeni. Hasara nyingine.

Na huku Marekani kwenyewe, 2019, hakukuwa na ukumbi hata mmoja ulioweza kuionyesha kamili, 4K, 3D na fremu 120 kwa pamoja. Wapo wengi walioiona kwa 24 tu. Kwa hiyo wewe na diski hii sebuleni kwako unapata mwendo ambao watu wengi waliolipa tiketi hawakuupata. Nilipolielewa hilo nikaiweka tena kwenye mashine.

Wapinzani je? Peter Jackson alijaribu fremu 48 kwa The Hobbit, 2012. James Cameron katumia 48 kwenye Avatar ya pili, baadhi ya matukio tu, anaruka kutoka 24 kwenda 48 na kurudi, na mimi ule mchanganyiko ulinipa kizunguzungu. Lakini ukinunua diski zao ni 24. Wote wawili walijaribu ukumbini, nyumbani wakarudi kwenye mazoea. Ang Lee kakomaa hadi kwenye diski. Namchukia kwa hilo na namheshimu kwa hilo.

Sasa lile la baba. Mara ya pili nikaacha kuangalia kuta na matairi, nikamwangalia yule kijana. Huyo Will Smith wa miaka 23 si Will Smith aliyelainishwa makunyanzi kwa kompyuta. Kampuni ya Weta ya New Zealand imemtengeneza kwa kompyuta mtu mzima kutoka ngozi mpaka mboni za macho, Will Smith akiigiza kwa vihisio. Kuna kipindi yule kijana anamlilia mtu aliyemlea, Clive Owen, anayemwita baba, na ambaye kamdanganya maisha yake yote. Kwa fremu 60 hakuna ukungu wa kumficha mdoli. Ilitakiwa aanguke hapo. Hakuanguka! Nikajikuta naangalia mtoto na baba yake, kama kwenye Pushing Hands, kama kwenye Hulk. Kabadilisha kila kitu, kamera, nchi, lugha, karne, ila hiyo hesabu ya mtoto na baba hajaifunga. Na ile filamu kuhusu Bruce Lee iliyotangazwa mwaka 2022, ilipangwa Bruce mwenyewe achezwe na Mason, mwanawe wa kumzaa.

Kisha filamu inaisha kwa tukio la chuoni, mchana wa jua kali, na yule kijana hapo anaonekana kama katuni ya matangazo ya mtandao wa simu. Sijui nani aliruhusu. Nimewaonyesha hapa, tazameni shingo. Basi, tuendelee.

Bei. Mimi na usafirishaji imenifikia kwa laki moja na ushee, na siyo Kariakoo, nimeagiza nje, maana madukani niliulizia nikaonyeshwa flashi. Ile ya kwenye flashi uwezekano mkubwa ni 24, usije ukaniambia umeiona. Unahitaji mashine inayosoma Blu-ray za 4K. PlayStation 5 yenye tundu la diski inafaa, PlayStation 4 haisomi hizi, hata ile Pro, na msibishane na mimi. Waya wa HDMI uwe wa maana, ule mwembamba uliokuja na king'amuzi unaweza kukupa kioo cheusi. Kama huna hivyo vyote, ukinunua kwa ajili ya diski hii peke yake utakuwa umenunua pikipiki ya Cartagena kwa bei ya bodaboda ya kweli. Hadithi yenyewe ni nyepesi, nawaambieni, muswada umezunguka Hollywood tangu 1997 na unanuka 1997.

Nikiipa alama? Pikipiki na mapigano, kumi kwa kumi. Maongezi, nne. Tukio la mwisho, msinikumbushe. Mwenye runinga kubwa na mashine tayari, chukua, hakuna kingine kama hiki kabatini mwako. Mwenye haraka ya kumjua Ang Lee, aanze na ya 1994, ya mpishi.

Taarifa za chaneli: video sasa zitatoka Ijumaa badala ya Jumamosi, Jumamosi umeme wa mtaani kwetu hauna adabu. Diski ya Billy Lynn nimeshaiagiza, nayo ni fremu 60, ikifika tunaifungua mubashara. Wale wapya bonyezeni kengele. Na yule anayeniuliza kila siku kama nauza diski nikishazichambua: hii siuzi. Life of Pi ninazo mbili, njoo tuongee.